Lita Arobaini na Moja

Kuna kufunga mlango na kufunga mzigo,
kufunga ndoa, kufunga bao, kufunga Ramadhani.
Kule Panevėžys, Lithuania, kwenye kiwanda cha maziwa,
palikuwa na kufunga kwingine:
soketi ikifungwa kabla neno la mwisho halijafika.

Neno lenyewe lilikuwa namba tu.
Lita arobaini na moja za Alfonsas,
mfugaji wa mwisho kwenye barabara ya udongo,
mwenye ng'ombe watatu na mbwa asiyebweka.
Bronius alizipokea kila alfajiri.
Alichomeka bomba, tangi likanywa,
kisanduku kando ya usukani kikahesabu, kikatuma,
na papo hapo akazima injini ili anywe chai.

Ofisini arobaini na moja hazikuonekana.
Siku tisa, tangu kisanduku kipya kifungwe garini.
Mhasibu alijumlisha, akajumlisha tena,
kisha akamtazama Bronius
kama watu wamtazamavyo paka aliyelala karibu na chungu.
Miaka ishirini na sita ya usukani,
na hajaonja hata mtindi wa bure.

Skirmantė akaletewa kesi.
Hakumhoji mtu. Aliuhoji msimbo,
usiku, soksi zikikauka juu ya hita,
na kipande cha mkate mweusi wa kisibiti
kikikakamaa kando ya kibodi.

Kisanduku hakikukosea kuhesabu.
Kosa lilikuwa ndani ya maktaba ya mtandao,
ile ambayo kila mtu huichukua bila kuisoma
kama tunavyosaini karatasi za benki.
Ikiambiwa funga, ilifunga:
ilikata papo hapo, huku baiti zingali kwenye foleni,
zimekwisha kuvaa, zimebeba anwani, zinangoja zamu.
Seva upande wa pili ikabaki imetega sikio.

Kufungia si kufunga.
Angesema hivyo, nadhani,
lau angekuwa na vitenzi vyetu.

Mbali ndani ya mwongozo, baada ya kurasa mia na kitu,
palikuwa na mstari mmoja wenye haya, wa herufi ndogo:
ukipenda, lete mfungaji wako mwenyewe.

Akamleta.
Akamfundisha kunyamaza bila kuondoka,
afunge kinywa, aache sikio wazi.
Yaliyo kwenye foleni yaende yote,
hata la mwisho. Hasa la mwisho.
Kisha angoje wa upande wa pili aseme:
nami nimemaliza.
Mgeni husindikizwa hadi njiani,
hasukumwi mgongoni kwa ubao wa mlango.

Lakini aliwajua pia wasioaga,
seva inayokufa katikati ya sentensi,
mnara unaozimika na upepo.
Akaweka kikomo: sekunde tatu.
Adabu isiyo na kikomo nayo ni kifungo.

Mistari kumi na saba kwa jumla,
miwili kati yake ni maelezo kwa atakayekuja baadaye
na kutaka kuifuta.

Jumatano, saa kumi na moja na dakika nane alfajiri,
arobaini na moja zikaingia,
taratibu, kama mtu anayefuta viatu kizingitini.

Akampigia Bronius.
Habari za soketi hakuzigusa.
Alisema: maziwa yalikuwa yakibaki kwenye bomba.

"Sikuiba," alisema Bronius.
"Najua."
"Nilimwambia mke wangu, sikuiba."

Baada ya hapo, kimya.
Mahali fulani injini ilizimwa.
Skirmantė alihesabu kwa mazoea tu,
kidole juu ya kitufe chekundu:
moja, mbili, tatu.

Nne.
Mtu alivuta pumzi, akapenga kamasi.
Saba. Nane.
Akakiondoa kidole, akakaa kitini vizuri.

"Alfonsas hutengeneza jibini," alisema Bronius mwishowe.
"Ya kisibiti. Nitakuletea."